Glavu Kwenye Mfuniko wa Tanuri

Maryse, mkwe wangu,

Supu ya njegere iko jikoni, ipashe moto. Usimwite fundi. Glavu za watoto ~~zitundike~~ ziache kitini.

Ulipokwisha kwenda kazini nilizitoa kwenye tanuri la kupasha nyumba joto, nishone kidole kilichotoboka. Feni yake ya kupuliza hewa moto ikanguruma! Nikazirudisha, ikanyamaza. Kumbe zinazuia mfuniko usifungike sawasawa, na mfuniko ukilegea swichi ya usalama huizima feni. Anayezitundika pale kila usiku zikauke ni mimi. Nami leo nimekuambia, “Unatuzimia feni makusudi, kwenu mmezoea kuganda!”

Nipo kwa jirani Ghislaine. Naona haya kukutazama. Watoto wakirudi kutoka shule, niite. Walinisikia nikikutukana, basi wanisikie nikikuomba radhi.

Bibi yao