Daktari Aliyekuwa Njiani

Jumatatu, 18 Machi
Mvua. Nusu ya darasa hawakuja. Nimefua, nguo hazikauki. Alasiri watu wa kijiji cha Kilangala wamemleta mdogo wangu Somoe, wamembeba na kitanda chake mabegani, maana lori limekwama matopeni. Tumbo limevimba. Anatapika maji ya kijani. Tumemfikisha hospitali. Daktari Mzungu yuko likizo Ulaya. Wa kumshikia nafasi anakuja na meli, wiki ijayo.

Jumanne, 19 Machi
Mzee Bakari, dresa mkuu, msaidizi wa daktari, anasema utumbo umejisokota. Apasuliwe, na kupasua si kazi yake. Barabara zimekatika kote. Nimemsihi apige simu Dar es Salaam, daktari asingoje meli. Nimesihi mpaka nikajionea haya. Amepiga. Jibu limekuja magharibi: daktari atapanda ndege kesho.
Nililia kwa furaha.
Mawingu hayajainuka tangu juzi. Vilima vya nyuma ya mji havionekani kabisa.

Jumatano, 20 Machi
Sikwenda shule. Somoe ameuliza mara mbili kama daktari amefika. Kabla ya adhuhuri tukasikia ndege. Kuiona, hapana. Ikapita juu yetu, ikazunguka, ikarudi chini zaidi. Wagonjwa wanaoweza kutembea wakatoka barazani. Mzee Bakari akasema, "Anatafuta uwanja." Ikaelekea vilimani. Mlio ukapanda, kisha ukakatika.
Nilingoja kishindo. Hakikuja. Mvua tu kwenye bati.
Lori la Bwana DC lililokwenda kumpokea daktari limerudi tupu. Watu wanapishana kimya ukumbini. Nawachukia kwa kimya chao.
Somoe kaniuliza, "Dada, daktari yuko wapi?"
Nimemwambia yuko njiani.

Alhamisi, 21 Machi
Alfajiri tumbo la Somoe limefunguka. Lenyewe. Jana jioni Mzee Bakari alimpiga bomba la maji ya sabuni kwa njia ya haja, kwa kukata tamaa tu. Uvimbe umeshuka. Amekunywa uji mwepesi, amelala. Nimemshukuru Mungu, kisha nikaogopa kwamba nimeshukuru.
Alasiri wakulima wameteremka kutoka vilimani. Wameiona ndege. Imejipiga kwenye mteremko, chini kidogo tu ya kilele. Rubani na daktari. Imeungua.

Ijumaa, 22 Machi
Miili imeletwa mjini. Sikutoka. Nimefundisha. Sijui nimefundisha nini.

Jumapili, 24 Machi
Ndugu wamejaa wodini kumpongeza Somoe. Shangazi kasema mtoto huyu ana bahati. Nimetoka nje. Ni mimi niliyesihi. Neno hilo nalisema nikila, nalisema nikiwa kwenye mkeka wa kuswalia.
Jua halijatoka.
Mzee Bakari ameniambia mke wa marehemu daktari anakuja na ile meli. Anataka kumwona mgonjwa. Naogopa kuliko nilivyoogopa Jumatano.

Alhamisi, 28 Machi
Amekuja. Mama wa Kihindi, sari nyeupe, mdogo kuliko nilivyodhani. Kiswahili chake safi, cha Dar es Salaam. Somoe alikuwa amelala. Nikamwekea kiti. Akauliza nani alimpasua.
Ningeweza kumdanganya.
"Hakuna," nikasema. "Lilifunguka lenyewe, kesho yake alfajiri."
Nikamwambia na lile jingine: kwamba simu niliiomba mimi. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Somoe, mkono wake ulivyotoka nje ya shuka.
"Yeye anajua?"
Nikasema hajui. Anadhani daktari alikwama na mvua.
"Basi asijue," akasema.
Akauingiza mkono wa Somoe ndani ya shuka. Akaomba maji, akanywa yote, akaaga.
Somoe alipoamka akauliza kiti hiki alikikalia nani. Nikamwambia mgeni, alikuja kumjulia hali. Akasema ningemwamsha. Akataka uji. Nikaenda kuupasha moto.