Pasipoti Yako Mpe Fiona

New Hope, Minnesota
16 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Griffins,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mama yako anaendeleaje na mguu wake? Majani ya chai mmeshachuma? Sisi huku tu wazima. Theluji ya kwanza imeanguka, na watoto wameifurahia kuliko mimi.

Barua hii anakuletea Fiona, jirani yangu anayekuja Kisii kuwaona wazazi wake. Sikuweza kukuandikia katika kundi letu la ukoo, kwa kuwa mlimwingiza humo wakala wako wa kazi ya Urusi ili tumshukuru pamoja, naye husoma kila neno. Nikikupigia simu, hupokea yeye, maana siku hizi simu yako anaishika yeye.

Nilipouliza kundini ni ghala gani hilo utakalolinda Urusi, baba yako mkubwa Nahashon alinicheka: "Dada, Amerika imekulisha woga! Mimi si nilisoma kulekule nikarudi daktari?" Ukoo mzima ukaitikia amina.

Mwanangu, naiheshimu shahada yake. Lakini yeye aliitwa aketi darasani. Leo nchi ile imewekewa vikwazo, imefungiwa milango Ulaya, ndiyo maana inabisha kwetu: mara ufadhili wa masomo, mara ngano, mara kazi. Anayetafuta marafiki hana kosa. Anayetafuta vijana wa kufia vita vyake, huyo namwogopa.

Njeri, ninayefanya naye kazi ya kuwatunza wazee huko Oakdale, ana mpwa aitwaye Muriuki. Aliahidiwa ulinzi wa ghala, kama wewe. Alipofika alinyang'anywa pasipoti, akapewa karatasi za Kirusi, akatia saini asichokielewa. Katika picha yake ya mwisho amevaa kombati za jeshi. Tangu hapo, kimya. Njeri humlisha mgonjwa huku akiitazama simu, nami nikimwona nauona uso wako.

Sikuamrishi, nakusihi. Ukiisha kusoma, mpe Fiona pasipoti yako akuwekee. Ukoo ukikasirika, waambie shangazi ndiye aliyeharibu safari. Lawama hiyo nitaibeba kwa furaha. Ikiwa tayari iko kwa wakala, usiende kuidai peke yako. Nenda na mchungaji Elkanah, mchana, mbele ya watu.

Nisalimie mama yako, mchungaji, na Nahashon pia, ingawa amenicheka. Mungu akufungie kila mlango usioweza kukurudisha nyumbani.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye na kukuhofia,
Kemunto