Mwalimu wa Simba

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Mbozi kahawa imeiva, magoti yangu bado yanabeba kikapu, na shangazi yako amejifungua salama kule Tunduma. Mama yako mdogo ananiandikia haya.

Unasema mbwa wako anatafuna viatu vya wapangaji, unataka kumtupa. Lakini si wewe uliyempa kandambili chakavu achezee? Atajuaje ipi mbovu na ipi mpya, wewe mtoto?

Nilipokuwa binti, mbwa wetu Simba alikula mayai ya kuku mpaka baba akachukua panga amuue. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa namtupia maganda mabichi ya mayai kila siku. Niliogopa fimbo, lakini nikasimama mbele ya mbwa.

"Baba, muache. Nimemfundisha mimi."

Baba akanitazama, akashusha panga. "Haya, mwalimu. Mfundishe upya."

Maganda nikayazika, nikamshibisha ugali, nikashinda naye karibu na viota. Mayai yakapona. Simba akazeekea pale pale nyumbani.

Shule sijaikanyaga mpaka leo, lakini ualimu nilipewa nikiwa pekupeku! Ficha kandambili, mpe mfupa, kaa naye. Wewe ni damu yangu, utamuweza.

Bibi yako,
mwalimu wa Simba