Muguu Umekataa Kupanda Kamio

Siku ya posho, kesho ni kanisa. Mvua imenyesha asubuhi, sasa jua inawaka na matope ya njia inanuka. Moyo wangu uko mubaya.

Leo muguu umenikataa mbele ya watu.

Furaha, binti yangu wa mwisho aliyeolewa kule Aru, mimba yake imekuwa kubwa. Kwetu, mama wa binti ndiye anakwenda kuogesha mutoto muchanga na kumukanda muzazi kwa maji ya moto. Wakubwa zake wote niliwaogeshea watoto miye mwenyewe. Basi leo nikaenda pale makamio, malori ya mizigo, inapakia, kuongea na shoferi anayekwenda Aru. Nikamukuta rafiki yangu Veronika, mama wa kutoka Mahagi, muuza samaki wa kukausha. Ananipita umri. Alishika ubao, akakanyaga gurudumu, mara iko juu ya magunia anapanga samaki zake za kupeleka Aru.

Nikasema, na miye nijaribu. Nikakanyaga, nikavuta. Hakuna. Goti likatetemeka kama la mwana-mbuzi aliyezaliwa sasa hivi, mikono ikaachia. Vijana wa kupakia wakataka kunisukuma matakoni. Niliwatukana mpaka wakarudi nyuma.

Veronika akacheka kule juu. "Mama Josefu, nguvu yako umeiacha wapi?"

"Muguu umelala tu."

"Haujalala, unaisha! Angalia kikwembe yako kiunoni. Ni kama umeifunga kwenye fimbo."

Nikamujibu vibaya. Lakini njiani nimekuja nikijisema: mama huyu hasemi uongo.

Maana nilikuwa naona. Kifuniko cha bido, dumu ya mafuta, kinanishinda, nasema muuzaji anakaza sana. Kiti kidogo cha jikoni, siku hizi siinuki bila kusukuma magoti kwa mikono, nasema kiti ndicho kifupi. Tukitoka kanisani wenzangu wanasimama kwenye kona wananingojea, wanajifanya wanaongea. Wajinga hawa, wanafikiri sijui! Na bangili yangu ya shaba, ile ilikuwa inanibana, sasa nikiinua mukono inateremka mpaka kwenye kiwiko.

Nikaita yote uzee. Uzee huo huo Veronika naye iko nao.

Kabla sijaondoka aliniambia neno moja ambalo linanichoma mpaka sasa: "Miye sina mutu wa kuniambia keti."

Miye niko naye. Marita, bibi aliyeolewa na mutoto wangu Josefu, ana heshima kupita wote wa mutaa huu. Tangu aingie nyumbani: mama, keti, mama, acha, mama, maji nitaleta miye. Kinu alichukua, jembe alichukua. Na miye nikakaa mulangoni nikijisifu kwa majirani. Chakula je? Kipande changu cha nyama nawagawia wajukuu, miye nabaki na bugali na muchuzi, kwa sababu koko gani, mama muzee kama miye, anakula nyama na watoto wanamuangalia?

Hivyo mwili ukaenda kidogo kidogo. Hakuna aliyeniibia.

Nilipofika nyumbani, Marita alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamunyang'anya muchi. Akaruka: "Mama! Watu watasema nakutumikisha!"

"Waseme. Hawana kazi?"

Nimetwanga, nimepumzika, nimetwanga tena. Mabega yanawaka moto. Sombe haikulainika, najua Marita amerudia nilipoingia ndani. Musichana mujanja. Anafikiri sikusikia kinu.

Sasa niseme jambo linaloniogopesha. Kamio si kitu, watu wangenivuta kama gunia. Lakini mutoto muchanga mwenye sabuni anateleza kupita samaki. Mikono ambayo imeachia ubao leo, itamushika?

Siwezi kusema ndiyo.

Basi kamio ya wiki hii itaondoka bila miye. Veronika atapeleka habari: mama-mukwe wa Furaha aanze kuogesha. Imenikata moyo kumutuma hivyo. Yule mama-mukwe anamwaga maji kama anaosha sufuria. Lakini kila asubuhi nitatwanga, nitainuka kwenye kiti bila mikono hata kama natukana, maji nitachota, hata kama ni bido ndogo ya watoto. Siku nitakayopanda gurudumu lile mwenyewe, ndiyo siku nitakwenda Aru.

Jioni hii Marita amepika maharagi na samaki alizonipa Veronika. Neema, mujukuu wangu mudogo, alikuwa amekwisha kula sehemu yake. Akaja kukaa karibu yangu, mudomo wazi, kama kila siku.

Nimemuangalia. Huruma imenishika, kweli.

Kisha samaki nikameza miye mwenyewe.

Akalia. Nimemwambia alie tu, kule Aru kuna mwenziye anayekuja, ananingoja nimuogeshe.