Farasi Niliyemlea Chuoni

Scholastika, nakuandikia kwenye karatasi ya sukari.

Leo chuo kikuu kimenadi farasi wachanga tuliowalea sisi wanafunzi, hapa Kariakoo. Wangu, Sabuni, kanunuliwa na mwenye sarakasi. Mjinga mimi nikafurahi, nikamwonyesha huyo bwana jinsi Sabuni anavyonifuata bila kamba. Watu wakapiga makofi.

Mwenye sarakasi akasema, "Safi, dada. Mnyama akihangaika nyama inakuwa ngumu, simba wangu hawaitaki."

Nyama. Kasema nyama, Scho, huku anatabasamu.

Nikamkimbilia mwalimu. Hakuinua hata macho. "Kishauzwa, ndugu. Aliyemlea ndiye anayemkabidhi, unajua utaratibu wetu."

Nikatangulia mpaka kwenye banda la simba. Sabuni akanifuata, bila kamba.

Aliponusa simba, akajificha nyuma yangu.