Suti ndani ya Kifurushi cha Dawa

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Nimeanika kahawa. Kisha nimemtia Anjela matone ya mwisho katika jicho la kulia. La kushoto lilikufa mwaka jana. Daktari wa misheni alionya: presha ya jicho haingoji, mke wangu asikose dawa. Hapa Kibondo haipatikani. Mwanetu Gervas ameituma kutoka Denmark. Leo hati ya posta imefika. Kifurushi kiko Kasulu.

Jumatano, 6 Agosti
Kasulu. Vumbi tupu. Kijana wa ushuru alifungua kifurushi mbele yangu. Dawa haitozwi. Suti inatozwa. Suti mpya ya sufu, na Gervas ameandika bei yake yote, kama nilivyomlea. Sikuomba suti. Lakini kwetu mtoto hampelekei mama kitu akampita baba. Amenipa heshima, na heshima hiyo imezuia dawa.

Niliomba nipewe dawa peke yake. Haiwezekani. Mzigo mmoja haugawanywi.

"Mzee wangu, tuandike ni mtumba. Utalipa kidogo, umwahi mama."

"Haijavaliwa."

"Basi ivae, babu, uzunguke jengo mara moja."

Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka, wala sikutia sahihi. Nimerudi mikono mitupu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimepeleka maharage sokoni nipate fedha za ushuru. Kambini wakimbizi wamegawiwa maharage ya msaada, na mengi yamekwisha kufika sokoni. Hakuna aliyeyatazama yangu. Nimeyarudisha.

Anjela anaumwa kichwa. Ametapika mara mbili. Hajaniuliza kwa nini sikusaini. Afadhali angeuliza.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kanisani. Nina hasira, na sitaki kuimba nikiwa nayo. Mchinjaji amemchukua mtamba wetu kwa bei ya dharau. Usiku Anjela anasema taa ina ukungu. Taa haina ukungu.

Jumanne, 12 Agosti
Kasulu tena. Nimelipa ushuru, na juu yake gharama ya ghala. Kijana hakufanya mzaha safari hii. Aliuliza hali ya mama. Nikamjibu kuwa ni mbaya. Akanifungia kifurushi kwa kamba yake mwenyewe.

Alhamisi, 14 Agosti
Misheni. Daktari alimulika jicho kwa tochi, akaizima. Matone yatapunguza maumivu. Hayatarudisha kitu. Anjela alimshukuru. Mimi nilishindwa.



Jumapili, 17 Agosti
Asubuhi ya baridi. Anjela aliipapasa suti: kola, mifuko, kifungo kimoja kimoja. Akasema Gervas hajasahau mabega yangu. Akataka niivae. Nikaivaa. Imenikaa sawasawa.

Nikamtia matone. Tukaenda kanisani polepole, nimemshika mkono. Palipokuwa na mawe nilimwambia.