Mkaguzi Aliyeigeuzia Ngoma Mgongo

Masoko, 4 Mei 2024

Mwanangu Anyelwisye,

Ugonile. Huku sote wazima, ni goti langu tu linasumbua kukiwa na baridi, nalo nimeshalizoea. Wewe hujambo huko Dodoma? Na mkeo Lilian, kikohozi kimemwachia? Nakuandikia barua kwa sababu nikipiga simu unasema uko kikaoni, kisha hupigi tena.

Kuna jambo limetukuta. Juni nane linafunguliwa banda jipya la kupimia majani ya chai, na kikundi chetu cha akina mama kimeitwa kucheza mbele ya mgeni rasmi. Wimbo nimetunga mimi. Shukrani ndiye ataimbisha, maana sauti yangu siku hizi haipandi. Ubeti wa tatu ndio mtamu. Tunauliza greda liko wapi, kwa kuwa barabara imeharibika, lori halifiki na majani yanatuozea kwenye vikapu.

Sasa imeshuka amri kutoka ofisi ya utamaduni wilayani. Kikundi kisicheze hadharani bila kibali. Maneno ya wimbo yapelekwe kwa Kiswahili, yameandikwa, tena aje mkaguzi kutuona mazoezini, na mchezaji asikate kiuno. Mwanangu, nina miaka sitini na minne, nisipokata kiuno nicheze na nini, masikio?

Kazi yako si ndiyo hiyo hiyo, kupitisha nyimbo za watu? Nakutumia maneno yetu ya Kinyakyusa. Yageuze yawe Kiswahili kizuri cha ofisini, lakini greda usiliguse. Nataka mgeni alisikie kutoka kwetu.

Mama yako,
Atupokile

Dodoma, 13 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Lilian amepona, anakusalimu sana. Pole na goti, jioni ukae karibu na moto.

Wimbo nimeufasiri, upo kwenye karatasi ya pili. Ubeti wa tatu nimeuondoa. Usikasirike, mama. Nashinda na nyimbo kila siku, najua zipi zinarudishwa. Mgeni rasmi akiulizwa habari za greda mbele za watu ataona mmemwaibisha, na kikundi kitafungiwa. Mahali pake nimeweka ubeti wa kusifu maendeleo. Na kiuno mkipunguze, chezeni zaidi kwa mabega.

Kumbuka na wewe ni mama wa afisa. Yakizuka maneno huko, yatanifuata mpaka huku.

Mwanao,
Anyelwisye

Masoko, 27 Mei 2024

Mwanangu,

Ugonile. Lilian mwambie nimefurahi amepona. Wewe sijui kama nimekufurahia.

Nimemsomea Shukrani ubeti wako wa maendeleo. Ameuliza kama umetungwa na watoto wa chekechea. Anyelwisye, kwenye mkutano wa kijiji nikinyoosha mkono naambiwa muda umekwisha. Ni kwenye wimbo tu ndiko nasikilizwa. Ukiniondolea ubeti ule umeniziba mdomo, na inaniuma zaidi kwa kuwa umenifanyia wewe. Karatasi yako nimewashia moto. Debora, mpiga ngoma wetu, ameniandikia wimbo mzima upya kwa Kiswahili, na greda lake, na nimeupeleka wilayani hivyo hivyo.

Sasa cheka kidogo. Mkaguzi alikuja Jumatano, na ni nani kama si Mzee Obed wa Lupepo, yule mzee wa kanisa. Mzee Obed ni baba mkwe wa Shukrani. Alipotokea tu kwenye migomba, Shukrani akajitupia kanga kichwani akakimbilia jikoni, maana kwetu mkamwana haonekani mbele ya baba mkwe, hata dunia ibadilike vipi. Mzee naye akageuka haraka akatazama mlimani. Tukakwama. Mkaguzi hawezi kutuona, mwimbishaji hawezi kutoka. Mwishowe akasema huko huko alikotazama, "Imbeni, nitakagua kwa masikio." Shukrani akatoka, tukaimba, naye akaomba turudie, kisha turudie tena. Mguu wake ulikuwa unapiga chini, nilimwona.

Kibali ametoa. Kuhusu viuno ameandika kwamba hakuona kiuno chochote, na ni kweli. Lakini ubeti wa tatu ameukata, anasema ndivyo alivyoagizwa. Nimelia, mwanangu. Wenzangu wanasema tukifika hapo tufunge midomo, ngoma ipigwe peke yake, watu wajue kuna kitu kimetolewa. Nimekubali kwa shingo upande.

Mama yako,
Atupokile

Dodoma, 11 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Simu hupokei. Banda limeshafunguliwa na mimi sina habari yoyote. Mmefungiwa? Niambie tu kama uko salama, mengine tutaongea.

Mwanao,
Anyelwisye

Masoko, 15 Juni 2024

Mwanangu,

Ugonile. Niko salama, simu ndiyo ilikosa chaji, na wageni walinijaa nyumbani. Subiri ujue walifuata nini.

Siku ya banda Mzee Obed aliagizwa asimame ubavuni mwetu na karatasi ya kibali, ahakikishe haliongezwi neno. Shukrani alikuwa katikati yetu, kwa hiyo mzee akatugeuzia mgongo, uso akaupeleka kwa mgeni rasmi. Ubeti wa kwanza ukaenda, wa pili ukaenda, watu wanaitikia na viuno viko kazini. Tulipofika wa tatu tukafunga midomo kama tulivyokubaliana. Debora akaendelea na ngoma.

Mzee hakuona kwamba tumenyamaza. Kumbe wimbo ulikuwa umemkaa kichwani tangu siku ile ya mazoezi, na muda wote alikuwa anauimba nasi chini chini. Sisi tulipoacha, ikabaki sauti yake peke yake, ile nzito ya kwaya, ikiuliza greda liko wapi, majani yanaoza. Uwanja mzima ukaitikia. Yeye akadhani tunaimba naye, akapandisha sauti. Alifika mwisho wa ubeti ndipo akashtuka na kuitazama karatasi yake. Hata kugeuka atuulize hakuweza, kwa sababu ya Shukrani.

Mgeni rasmi akauliza nani ameruhusu ubeti huo. Mzee Obed akakunja karatasi yake, akasema, "Ni mimi, mheshimiwa. Mimi mwenyewe nalima chai." Basi hapo vigelegele vilipigwa mpaka nikasahau nina goti. Mgeni alicheka, akasema amesikia. Greda bado halijafika na sijui kama litafika. Lakini ubeti wangu umesikika, mwanangu, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Mzee Obed ameitwa ofisini kujieleza. Kikundi kizima tutamsindikiza, Shukrani atatembea nyuma kabisa.

Mama yako,
Atupokile

Dodoma, 24 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea ofisini, nikacheka mpaka wenzangu wakaja kuniuliza kulikoni. Halafu nikaacha kucheka, maana mezani palikuwa na wimbo wa kikundi kimoja cha huku, wanauliza maji ya bomba, na kalamu nilishaiweka kwenye ubeti wao wa pili.

Nimewaita wakaja kuniimbia. Nikaupitisha wote, neno kwa neno. Mkubwa wangu ameniita Jumatatu ijayo nimweleze kwa nini, na sikufichi, naogopa. Lakini nikitoka huko, niwe na kazi au nisiwe nayo, napanda basi kuja nyumbani. Uniimbie ubeti wa tatu wewe mwenyewe, hata kama sauti haipandi. Mimi niliukata bila kuusikia, mama. Niliusoma tu.

Mwanao,
Anyelwisye